Ripoti za kufungia mwaka, Kidato cha Tatu

Wazazi na walezi,
Assalaamu alaykum.

Ripoti tumezigawa Ijumaa. Kama ya mwanao hujaiona mpaka leo, muulize kwa upole, maana haikupotea njiani.

Nasema kwa upole kwa sababu ninayo moja hapa mezani. Hesabu kapata 18. Ile 1 imegeuzwa 7 kwa peni ya buluu, na mwalimu wa darasa huandika kwa nyeusi siku zote. Saini ya baba nayo imetiwa, ilhali baba yuko dago, kwenye kambi ya wavuvi. Nilipomwita kijana hakubisha. Alisema tu, "Mwalimu, bora unipige wewe kabla baba hajarudi." Ameridhia niyaseme haya bila ya jina lake.

Matokeo ya Hesabu si mazuri, sitaki kuficha. Kwa kipimo cha mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne, ambao watoto hawa wataufanya mwakani, D inaanzia 30, chini ya hapo ni F. Nazo F ni nyingi. Lakini tazameni nambari kabla ya herufi. Mwenye 27 amekosa mazoezi. Mwenye 6 pengine alipotea tangu shule ya msingi, kwenye hesabu za sehemu na kuzidisha, na huyo hata ukimfungia ndani na kitabu cha Kidato cha Tatu hatoki na kitu.

Baiolojia ina mambo yake. Msichana mmoja kaulizwa kazi ya figo. Kaeleza damu inavyochujwa na mkojo unavyopatikana, nusu ukurasa, hakukosea pahala, ila kaandika Kiswahili kwenye mtihani unaojibiwa kwa Kiingereza. Kapata sifuri. Mwalimu kafuata utaratibu, simlaumu. Lakini mama yake akiiona ile ripoti atadhani mtoto hajui Baiolojia, na si kweli. Kinachomshinda ni lugha.

Na karafuu, tuambizane. Msimu ulipopamba moto madarasa yalibaki nusu. Najua karafuu ndiyo inayonunua sare, na mimi nimekua nikichambua karafuu kutoka kwenye makonyo, vile vijiti vyake, hadi usiku. Lakini mtoto aliyekaa mashamba wiki tatu akirudi anakuta somo lishampita, na hathubutu kuuliza. Jioni, Jumamosi na Jumapili chukueni. Asubuhi tuachieni sisi.

Ninachoomba sasa ni kuwa mtoto mwenyewe akusomee ripoti, mstari kwa mstari, akwambie alipokwama. Mtoto wa jirani kapata ngapi, hilo liacheni kwa jirani.

Walimu wa Hesabu na Baiolojia watakaa na wazazi wiki ya kwanza ya kufungua, saa 2 hadi saa 6 mchana. Njooni na mtoto na madaftari yake. Muhula uliopita alikuja mama mmoja, ripoti kaifunga kwenye pindo la kanga. Alisema hajui kusoma, aoneshwe tu palipo pabaya. Tukamfungulia daftari. Akaweka kidole pale pale, akamwambia mwanawe, "Basi kesho unaanzia hapa."

Ile ripoti ya wino wa rangi mbili nimeiandika upya, na 18 yake. Baba akirudi dago nitampa mkononi mwenyewe, na kijana atakuwepo.

Wenu,
Mwalimu Mkuu
Wete, Pemba