Nyota Isiyo na Jina: Barua kwa Familia za Askari

Wanangu, na ninyi wajukuu mliotundika picha ya askari ukutani,

Salamu kutoka Voi. Miguu yangu imekataa safari za mazishi, kwa hiyo lile nililozoea kulisema matangani nitalisema hapa.

Baba yangu alikuwa keya, yaani askari Mwafrika katika jeshi la Waingereza. Alikwenda Bama (Burma, leo Myanmar) na jeshi la Afrika Mashariki lililopita Bonde la Kabaw mwaka 1944, matope magotini, akarudi na nishani, nyota ya shaba yenye pembe sita. Utepe wake mwekundu katikati, pembeni bluu yenye mstari wa rangi ya chungwa. Aliitunza kwenye kopo la tumbaku pamoja na sindano ya kushonea magunia. Alipofariki, ndugu zangu wawili nusura washikane mashati kwa ajili ya kopo lile. Nikaitoa nyota, nikaigeuza. Nyuma kutupu! Nishani za vita vya kwanza zilichongwa jina na namba ya askari ukingoni, lakini nyota hizi za vita vya pili Waingereza walizitoa bila jina. Ikidondoka njiani, ni ya atakayeiokota.

Na namba yake? Jioni, akishamaliza uji, mzee aligonga fimbo chini, akasimama wima na kuitaja namba yake kwa Kiingereza cha kambini, tarakimu moja moja, kama anayemjibu sajini. Sisi watoto tunacheka hadi machozi. Tuliisikia mara ngapi, sijui. Tumebaki wanne, na hakuna anayeikumbuka.

Basi kabla ya kuchapisha fulana zenye sura ya marehemu, andikeni. Jina lake kamili, namba, kikosi, mahali alipotumwa. Andikeni pia jina alivyoliandika karani, maana makarani waliandika walichosikia: Mwadime anaweza kulala kwenye daftari la jeshi akiitwa Madimi, nanyi mkamtafuta miaka kumi bila kumpata.

Msidhani serikali au mnara utawafanyia kazi hiyo. Pale Nairobi, Kenyatta Avenue, zimesimama sanamu tatu za shaba, mmoja wao mpagazi. Maandishi yake yanaahidi kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Zungukeni mnara mzima muone kama mtakuta jina la mpagazi hata mmoja. Huku kwetu, Voi na Taveta, askari wa Uingereza na Afrika Kusini waliokufa vita vya kwanza wana mawe yao yenye majina. Waliowabebea risasi na unga wakafa kwa kuhara na malaria hawana. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa kuwaacha hivyo watu wa Afrika na kwingineko. Tumeipokea. Lakini majina mengi hayakuandikwa tangu mwanzo, na radhi haiwezi kulirudisha jina ambalo halikuandikwa.

Wengine wana bahati. Meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa Februari 1944, ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache na watu wapatao 1,300. Askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliozama nayo wamechongwa majina kwenye makaburi ya vita, Barabara ya Ngong. Kama babu yenu yumo, nendeni mkaliguse jina lake.

Jambo jingine linaniudhi kidogo. Kwenye mazishi ya baba, kaka yangu alisema mzee aliua Wajapani kwa mikono yake. Baba alikuwa dereva wa lori! Alilala chini ya lori lake, akalitengeneza usiku bila taa, akafikisha mchele. Msimwongezee.

Aliye hai msimuulize ameua wangapi. Muulizeni walikula nini, nani alikuwa akikoroma hemani. Ataanzia hapo, na akinyamaza katikati, mpeni chai.

Nanyi mama zangu wadogo mliofiwa na waume El Adde, kule Somalia, Januari 2016, kuna watoto wanaomjua baba kwa picha ya sare pekee. Tundikeni na ile aliyovaa kaptura, akiosha pikipiki. Kama mtoto hataki kuitwa mtoto wa shujaa kila anapokosea hesabu shuleni, mwacheni.

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa kike alikata kipande cha jalada la daftari, akaandika jina la babu yangu aliyemzaa baba, la baba, la kijiji, na neno “dereva”, akakifunga kwa uzi kwenye ile nyota. Mstari wa namba ameuacha wazi. Ndugu zangu watatu nimewapigia simu, kila mmoja ana tarakimu zake mbili, na hazipatani.

Babu yenu,
Voi