Kabla ya kuongeza injini, vuta modeli

Mhariri,

Mafundi wa boti wa Dunga, Usenge na Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wana mikono mizuri, ila mwenye boti akilalamikia mwendo, huambiwa anunue injini kubwa zaidi. William Froude, mhandisi Mwingereza (1810–1879), alishaonyesha kwa nini ushauri huo mara nyingi huishia kula petroli bure.

Boti huzusha mawimbi. Mwendo ukizidi, wimbi hurefuka hadi kulingana na boti yenyewe: omo (mbele) linainuka, tezi (nyuma) linadidimia. Boti ya mita 9 hufika hapo kwenye takriban kilomita 13.5 kwa saa. Ikiwa imejaa samaki, hata ukizidisha injini maradufu utapata nyongeza ndogo mno.

Mwaka 1867 Froude alivuta modeli, yaani boti ndogo za mfano, za maumbo mawili, Swan na Raven, katika mto Dart, Uingereza. Hakuna umbo lililoshinda kwa kila mwendo. Baadaye alijenga birika la maji la kupimia modeli mjini Torquay, lenye urefu wa mita 85 hivi, akawa anachonga modeli za nta. Meli ya kivita Greyhound ilipokokotwa baharini, vipimo vyake viliafikiana na vya modeli.

Kanuni yake, kwamba modeli ikivutwa kwa mwendo unaolingana na udogo wake huzusha mawimbi ya umbo lilelile kama ya boti, inafaa hapa ziwani. Kwa boti ya mita 9, chonga modeli mbili za mita 1, zenye maumbo tofauti. Kila kilo 729 (9 × 9 × 9) za boti pamoja na mzigo wake ni kilo 1 ya modeli. Mwendo unagawanywa kwa 3 (kwa kuwa 3 × 3 ni 9), kwa hiyo kuiga kilomita 13.5 kwa saa, modeli ivutwe mita 10 kwa sekunde 8. Funga mizani ya springi kwenye kamba, vuta asubuhi kabla ya upepo, mbali na magugu, penye kina cha mita 1 au zaidi. Maji yakiwa haba, mawimbi hubadilika na kipimo kinaharibika.

Usizidishe nguvu yote ya kuvuta modeli kwa 729 ukadhani umepata ya boti. Modeli ndogo hulemewa zaidi na msuguano wa maji, ndiyo maana Froude alivuta mbao tupu ili aukadirie peke yake. Anayelinganisha maumbo mawili yenye urefu na uzito sawa hahitaji hesabu hiyo: linalovutika kwa urahisi, kwa mwendo atakaoutumia, ndilo la kujenga.

Vyuo vya ufundi vya Kisumu vijenge mfereji wa saruji wa mita 20, na mafundi wa fuoni waruhusiwe kuutumia.

Mwalimu wa ufundi,
Kisumu