Mwanangu, kata matumizi mengine yote, ya sahani yako usiyaguse

Tukuyu, mwezi wa Juni

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako nimezipata, marahaba. Huku wazima, baridi tu ndiyo imetukamata. Ukungu unashuka alfajiri na hauondoki mpaka saa nne. Bibi yako anakusalimia sana, anauliza kama huko mlipo mnapata moto wa kuota.

Nakuja kwenye jambo lenyewe. Mdogo wako ameniambia. Usimkaripie, nilimbana mpaka akasema. Kumbe tangu mwezi wa tatu unakula mlo mmoja kwa siku, huo wa jioni, ili utimize hela ya OAT, huo mtihani wa kuombea chuo cha optometria, yaani upimaji wa macho, huko Marekani, na ya ile kozi ya mtandaoni ya kujiandaa nao. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanituliza. Unasema uko salama, unaniuliza habari za ng'ombe, na mimi najikuta nasimulia ng'ombe mpaka salio linakata.

Kula, mwanangu. Barua yote hii ni hilo.

Na usinijibu kwamba unajinyima kidogo tu. Najua ulikoiona tabia hiyo, na najua ni nani aliyekuwa akisema ameshakula shuleni. Lakini mtu yule hakuwa na mtihani wa kufanya. Ubongo peke yake unachukua karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika, na wewe unausomesha biokemia kuanzia saa kumi na mbili asubuhi kwa chai ya rangi. Ulipopata 290 kwenye zoezi ukamwandikia mdogo wako usiku unalia. Alama za mtihani huo zinaanzia 200 na kuishia 400, na 300 ndiyo katikati. Sasa 290 ya mtu mwenye njaa ni alama ya kulilia? Mimi nimeona watoto wengi darasani wakisinzia kipindi cha tano, na mara nyingi kinachowashinda si fizikia.

Tupange hela kama watu wazima. Ada ya mtihani, hizo dola 500 na zaidi, haina mjadala. Hiyo inalipwa na tunaijua. Tuizungumze kozi.

Nimekaa mtandaoni jioni kadhaa nikisoma mtihani wenu ulivyo. Vitabu vya OpenStax ni vya bure, na vya baiolojia, kemia na fizikia vyote vipo. Video za Khan Academy nazo ni za bure. Kuhusu kemia ya ogania, hiyo inayokukosesha usingizi, kuna jambo nimelisoma likanigusa. Profesa John McMurry alikuwa na kitabu cha ogania kilichouzwa miaka mingi vyuoni kwa bei ya kuumiza. Mwaka 2023 toleo lake la 10 lilitolewa bure kupitia OpenStax, kwa kumbukumbu ya mwanawe Peter aliyefariki kwa ugonjwa unaoitwa sistiki faibrosisi. Mzazi amempoteza mtoto, akaamua watoto wa wenzake wasome bila kulipa. Kitabu kiko wazi, unakipakua kwa dakika chache, halafu wewe unashinda na njaa ili umlipe mtu akufundishe yaleyale kwenye video? Hapana.

Kuna lingine. Wanaoomba kusomea udaktari wa meno wana mtihani wao, DAT. Baiolojia, kemia, ogania, ufahamu na hesabu vinafanana sana na vya kwenu. Tofauti kubwa ni kwamba wao wanapimwa kutambua maumbo, ninyi mnapimwa fizikia. Hapo chuoni kwenu hakukosi mtu aliyefanya DAT mwaka jana na vitabu vyake vinakusanya vumbi chini ya kitanda. Muombe. Ulizia maktaba pia. Toleo la miaka mitatu nyuma halina ubaya wowote, asidi na besi hazijabadilika. Ukibaki na hela ya kununua kitu kimoja tu, nunua mitihani ya mazoezi yenye saa, kwa sababu maswali 100 ya sayansi kwa dakika 90 ni jambo la kuzoea. Halafu sehemu hiyo haina kikokotoo. Anza leo kukadiria kwa kichwa, kuandika namba kwa nguvu za kumi, kufuta namba zisizowezekana kwenye majibu. Na usiache swali wazi hata moja, kwa sababu jibu la kukosea halikatwi alama.

Madaftari yako ya PCB, ya fizikia, kemia na baiolojia ya sekondari, yapo, yote, kwenye sanduku la bati. Juzi niliyatoa nikayaanika. La ogania lina ile michoro yako ya kalamu nyekundu, na panya hawajaligusa. Nimepiga picha kurasa za alkeni mpaka asidi za kaboksili, mdogo wako atakutumia leo usiku bando la usiku likifunguka.

Fizikia niachie mimi. Maswali 40, dakika 50. Wengi wakisikia optometria wanadhani fizikia yake ni lenzi na vioo, wanasoma lenzi miezi miwili, halafu wanakutana na maji, joto na saketi. Nimeona mada zao: vekta na mwendo, kani, nishati, mwendo wa kuzunguka, mawimbi, vimiminika, joto, umeme tuli, saketi, na optiki ni moja tu kati ya hizo. Kwako wewe saketi ndizo dhaifu. Zilikuwa dhaifu kidato cha tano na ulikuwa unanificha karatasi. Zianze hizo.

Lakini lenzi zisikupite, maana hizo ndizo kazi yako ya kesho. Miwani ya bibi yako ya kusomea, ile ya mnadani, ina kibandiko cha +2.00. Wiki iliyopita niliibeba kwenda nayo kidato cha tatu. Tukafunika madirisha kwa kanga, tukabakiza moja. Msichana mmoja akaishika miwani mbele ya ukuta, akawa anaisogeza nyuma na mbele taratibu, mara ule mti wa parachichi wa nje ukatokea ukutani, mdogo kama kiganja, kichwa chini miguu juu, na majani yake yanatikisika kwa upepo. Darasa likapiga kelele hadi mwalimu wa jirani akaja. Tukapima kwa rula ya mita kutoka kwenye kioo mpaka ukutani: sentimita 51. Ile +2.00 ni nguvu ya lenzi kwa daioptri, na urefu wa fokasi yake ni moja gawanya kwa mbili, yaani nusu mita, sentimita 50. Mtoto mmoja wa nyuma, mkimya sana, akauliza ile sentimita moja iliyozidi imetoka wapi. Nilifurahi mno. Tukatoka nje tukapima kwa hatua, mti uko kama mita 25. Sasa weka mita 25 kwenye fomyula ya lenzi wewe mwenyewe uone kama hupati sentimita 51. Vitabu vya huko vinaandika d yenye o ndogo na d yenye i ndogo mahali pa u na v zetu, umbali wa kitu na umbali wa taswira, usibabaike, ni kitu kilekile. Kwa maswali yote ya lenzi nataka uyafanye namna hiyo, uuone mti ukutani kwanza, ndipo ushike kalamu.

Ufahamu ni maswali 40 kwa dakika 50, na hapo nakuhofia kuliko kwenye sayansi. Wewe ukisoma unarudi nyuma kila sentensi. Soma makala moja ya sayansi kila siku, ukiwa na saa mezani, usirudi nyuma. Hesabu utaziweza, ila zoea inchi, futi na pauni zao.

Tarehe ya mtihani usiilipie bado. Kwanza fanya mtihani mmoja mzima wa mazoezi, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, asubuhi, ukiwa umekula. Ukivuka 300, ufanye mwingine, ukivuka tena ndipo ulipe. Najua vyuo vingi vinagawa nafasi kadiri maombi yanavyoingia, kwa hiyo kuchelewa sana ni hasara. Lakini kurudia ni kulipa ada nzima upya na kusubiri upya, na najua hela hiyo ya pili ungeitoa wapi. Ungeitoa tumboni. Halafu soma masharti ya kila chuo, vipo vinavyopokea mtihani mwingine badala ya OAT. Isije ikawa umelipa kisichohitajika.

Siku ya kujiandikisha, jina liwe lile la kwenye pasi, herufi kwa herufi. Jina la babu yako lina y kwenye pasi na huwa unaliandika kwa i. Wakikukatalia mlangoni, hela imekwenda.

Mdogo wako amesema pia kwamba hapo chuoni kuna stoo ya chakula cha bure kwa wanafunzi, na wewe huendi kwa sababu unaona aibu. Mwanangu, aibu ya nini? Chuo kimeweka chakula ili mwanafunzi asisome na njaa, na wewe ndiye mwanafunzi. Hujaiba. Hujamnyang'anya mtu. Hapa kijijini msiba ukitokea tunapeleka unga na mkungu wa ndizi, na hakuna mfiwa anayesema mimi sitaki. Ingia, salimia watu, chukua mchele, maharage na mayai, shukuru, toka. Jumapili chemsha maharage sufuria nzima, gawa kwenye vibakuli, weka kwenye friji. Asubuhi unapasha kimoja na mkate. Haikuchukui dakika tano na haikugharimu kitu. Mbalaga, ndizi zetu za kupika, hutapata huko, najua, lakini viazi vipo, na viazi unavijua.

Saa za kazi zisizidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Hiyo ndiyo sheria ya viza yako, na asikudanganye mtu na kazi ya usiku ya kulipwa mkononi. Kwa ajili ya mtihani upoteze chuo?

Miaka minne ya chuo chenyewe cha optometria itakuwa na gharama zake, na mikopo ya serikali yao si ya wageni. Hilo tutalikalia na mjomba wako ukishapata alama. Leo sitaki kuliwaza.

Nilikuambia Moshi ipo. KCMC, ile hospitali kubwa ya huko, wanafundisha optometria miaka yote, ungepanda basi ukafika, na ningekuja kukuona na kikapu. Ulichagua mbali. Sikukuzuia, na sitakusema tena kwa hilo. Nikiwa ofisini walimu wenzangu wakiuliza habari zako, nyumba yangu yote naiona imesimama wima. Hapa mtu akitaka kupimwa macho sawasawa anapanda gari mpaka Mbeya mjini, akirudi jua limezama, na wengi hawaendi, wananunua miwani mnadani kwa kujaribu jaribu kama alivyofanya bibi yako. Naijua sababu iliyokupeleka. Ndiyo maana nataka ufike huko ukiwa mzima.

Bibi jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, wamemwambia litafanyiwa upasuaji. Anaogopa. Ukiongea naye mweleze wewe, kwako atasikia, mimi ananiita mwalimu wa shule. Mdogo wako anajiandaa na moku, ule mtihani wa majaribio, hesabu zinapanda, Kiswahili kinashuka, sielewi mtoto huyu. Paa la jiko nimelibadilisha upande wa mvua, bati nne, zilizobaki zitasubiri. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Mbolea ya ruzuku tumejiandikisha. Parachichi mwaka huu zimebeba vizuri, wanunuzi wameanza kupita, na safari hii sitauza kwa wa kwanza anayegonga mlango.

Hela ya parachichi ikiingia mwezi wa saba nitampa mjomba wako Dar akutumie. Isipelekwe kwenye kozi, wala kwenye ada. Ada ninaitafuta njia nyingine, na ng'ombe siuzi, usianze kuogopa. Hiyo ya parachichi ni ya chakula, na nitataka kujua umenunua nini.

Jumamosi nitapiga. Kwako itakuwa asubuhi, kwa hiyo nikipiga uwe umeshakunywa chai na kitu.

Mama yako