Wito wa Harambee: Mfuko wa Kipimo cha Ubongo kwa Wagonjwa wa Kiharusi

Wapendwa washarika na majirani wetu wa Dodoma, Bwana Yesu asifiwe.

Kamati ya afya ya usharika inawaalika kwenye harambee Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada ya pili, ili tuanzishe mfuko wa kuwalipia kipimo cha MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) wagonjwa wa kiharusi wasio na bima. Tumeshuhudia zaidi ya mara moja ndugu wakipita nyumba kwa nyumba kuchangisha, huku mgonjwa amelala, mdomo umepinda na mkono hauinuki.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini tumechagua kipimo hiki. Maji yaliyomo ndani ya ubongo hayatulii: molekuli zake hutangatanga bila mwelekeo maalumu, zikigonga kuta za seli, na mashine ya MRI, kwa sumaku yenye nguvu na bila eksirei, huweza kupima mwendo huo ambao ni wa sehemu ndogo mno za milimita. Daktari na mtafiti Denis Le Bihan wa Ufaransa alionyesha picha za ubongo zinazotokana na mwendo huo wa maji katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1990 mtafiti Michael Moseley na wenzake, nchini Marekani, wakathibitisha kwa kuchunguza ubongo wa paka kwamba sehemu iliyokosa damu huonekana mapema sana. Seli zikikosa damu hushindwa kusukuma chumvi nje, hufyonza maji na kuvimba, na molekuli zilizokuwa zikitembea hubanwa; ndipo mahali hapo hung'aa kwenye picha, aghalabu ndani ya saa ya kwanza, wakati kipimo cha CT (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta), ambacho ni hodari wa kuonyesha damu iliyovuja, mara nyingi hakijaonyesha kitu. Kwa hiyo fedha inayopatikana baada ya siku tatu, hata ikitolewa kwa upendo mkubwa, imekuta faida kubwa ya kipimo imekwisha kupita.

Mfuko utalipia tu kipimo kilichoandikwa na daktari, na mhazini atasoma taarifa ya mapato na matumizi kanisani kila baada ya miezi mitatu.

Mliovuna alizeti, karanga, mtama au zabibu, leteni mazao nayo yatanadiwa. Kadi za ahadi ziko kwa wazee wa kanisa, na ahadi inaweza kulipwa kwa awamu. Asiyeweza kufika siku hiyo amkabidhi bahasha mzee wa mtaa wake.