Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha ataeleza mweka hazina. Atakayosema juu ya wadaiwa wa ada nayaunga mkono kabla sijayasikia.

Mwaka huu nguvu zetu nyingi zimekwenda kwenye TB ya via vya uzazi vya mwanamke. Wengi bado wanajua TB ni kikohozi na makohozi basi. Kumbe vimelea hutoka mapafuni, husafiri na damu, vikaenda kutua kwenye mirija ya uzazi, mara nyingi yote miwili, kisha kwenye ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Mama anaweza asikohoe kabisa. Anachokiona ni hedhi kuvurugika au kukatika, maumivu chini ya kitovu, au mimba kutoingia. Mwenzetu mmoja alizunguka na bahasha ya eksirei kliniki hadi kliniki, kila mahali anaambiwa kifua kizima. Na kweli kilikuwa kizima. Huko nyumbani mawifi walishaanza kumtafutia mke mwenza.

Lililotuumiza zaidi ni sampuli. Kipande cha nyama kinachotolewa kwenye mji wa mimba kikitumbukizwa chote kwenye fomalini, yaani dawa ya kuhifadhia nyama isioze, vimelea hufa na maabara haiwezi tena kuviotesha. Sehemu moja iende fomalini kwa ajili ya hadubini, nyingine iwekwe kwenye maji safi ya chumvi kwa kuotesha na kwa kipimo cha GeneXpert, kile cha mashine kinachosaka vinasaba vya vimelea. Kuna hospitali ilikosea hapo, mwanachama wetu akalazimika kupanda kitandani mara ya pili. Tumeongea nao, wametusikiliza. Hata hivyo, majibu ya kwamba hakuna vimelea si lazima yawe ya mwisho, maana vinakuwa vichache mno.

Dawa ni zilezile za TB ya mapafu, kwa kawaida miezi 6: aina nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4. Kwenye vituo vya serikali ni bure. Mkojo ukiwa na rangi ya chungwa msishtuke, ni rifampisini. Ila dawa hiyo hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango, kwa hiyo mwambieni muuguzi mapema.

Kamati ilivutana kuhusu bango. Wapo waliotaka liandikwe "Meza dawa, upate mtoto". Nilikataa, na leo pia nakataa. Dawa huua vimelea, lakini mirija iliyokwisha kuziba kwa makovu mara nyingi haizibuki. Ukimwahidi mtu mtoto halafu asimpate, hata ya kumaliza dozi hatakusikiliza tena. Lililochapwa linasema: "Unatafuta mtoto? Uliza na habari za TB."

Tarehe 24 Machi, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, safari hii tunawaalika waume. Anayeona wake hatakuja anipe namba yake, nitampigia mwenyewe. Watakaojitolea kupika waandikishe majina kwa katibu kabla ya kutawanyika.