Kwa vijana wetu mnaopita mbele ya kanisa bila kuingia

Wanangu,

Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia ninyi mliobatizwa kwetu, mkapata kipaimara kwetu, mkaimba kwaya ya vijana, na sasa Jumapili asubuhi mnapanda daladala kwenda kusali upande wa pili wa jiji, mahali msipojulikana. Wengine hamsali popote. Dar es Salaam inaficha watu vizuri. Mtu wa Tabata akihamia ibada za Mbagala anaweza kumaliza mwaka bila kuitwa kwa jina lake, na hicho ndicho mnachokitafuta.

Sitataja la mtu. Lakini sote tunajua mambo yenyewe: mimba kabla ya ndoa, ndoa iliyovunjika, ada ya chuo iliyoishia kwenye kubeti, na madeni.

La madeni niliseme kwa kirefu, maana limewaondoa wengi. Mkopo wa kwenye simu unachukuliwa usiku, kimyakimya. Ukichelewa kidogo, ujumbe unatumwa kwa mjomba, kwa bosi, kwa mwalimu wa kwaya, kwamba wewe ni tapeli. Wakopeshaji hao hawakuhitaji hati ya nyumba wala kadi ya pikipiki. Walichukua jina lako likawa dhamana. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kwa hiyo wewe uliyetangazwa hivyo, nisikilize: deni ulilokopa ni lako na tutatafuta njia ya kulilipa. Kule kuanikwa kwako ni uonevu, na Mungu hakukutuma huo ujumbe.

Tena wapo kati yenu wanaoona haya kwa mambo ambayo si dhambi hata kidogo. Kukosa kazi miaka mitatu baada ya chuo si dhambi. Kukosa mtoto si dhambi. Kuishi na virusi vya UKIMWI si dhambi. Binti aliyebakwa hana la kutubu. Aliyembaka ndiye mwenye kesi, mbele ya Mungu na mbele ya mahakama. Yule mama wa Luka sura ya 8, aliyetokwa na damu miaka 12, hakuwa na kosa, lakini alimjia Yesu kwa nyuma, akagusa pindo la vazi lake akitumaini kuondoka bila kuonekana. Yesu alisimama. Akamwita “Binti” mbele ya umati uleule aliokuwa akiukwepa, wote wakasikia. Alimponya mwili, na jina lake pia akalirudisha.

Na kama ni dhambi kweli? Basi someni habari za Petro taratibu. Alimkana Bwana akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Katika Yohana sura ya 21 anasema anakwenda kuvua samaki, na wenzake sita wanamjibu, nasi tutakwenda nawe. Mstari huo naupenda sana. Walijua alichofanya, na hawakumwacha aingie ziwani peke yake. Asubuhi wanamkuta Yesu ufuoni amewasha makaa, samaki wako juu yake, na mkate. Kwanza wanakula. Ndipo anamuuliza mara tatu kama anampenda, na kila akijibu anampa kazi ya kuchunga kondoo.

Hapa lazima niseme na wazee wenzangu pia. Utaratibu wetu wa kumrudisha mtu kundini ni mwema ukifanywa kama Yesu alivyofanya pale ufuoni. Lakini binti mwenye mimba kusimamishwa mbele peke yake, huku kijana aliyempa mimba ameketi na wenzake kwenye benchi la kwaya, hiyo si toba ya kanisa. Nimelipinga ndani ya baraza, nalipinga hapa hadharani, na nitaendelea kulipinga.

Msianze na Jumapili, wanangu. Jumapili ina macho mengi. Anzeni na mtu mmoja: mchungaji, mwinjilisti, mama mmoja wa umoja wa wanawake ambaye hujawahi kumsikia akimsema mtu. Si kila mshirika anafaa kuambiwa, na hilo mnalijua. Mwambie jambo lote, maana ukibakiza kipande, hicho ndicho kitakachokuamsha saa nane usiku. Kisha njoo kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba katika jumuiya yako. Pale mnakaa kwenye mkeka au viti vya plastiki, mnasoma, mnaomba, chai inamiminwa, na hakuna anayekudai ushuhuda. Keti tu. Usipotaka kuomba kwa sauti, jirani yako ataomba.

Mwenye deni aje na simu yake tuusome mkataba pamoja. Katika usharika tunao wanasheria na wahasibu ambao siku zote tumewatumia kwenye harambee tu. Sasa watafanya na hii kazi.

Na ukija, mtu akakukunjia uso au akakunong'ona mlangoni, usigeuze. Ingia, ukae, kisha baada ya ibada unitafute mimi. Huyo ni wangu kuzungumza naye.

Mzee wenu wa kanisa,
Dar es Salaam