Msitoe neno la Kiingereza nje ya sentensi

Mhariri,

Ukurasa wenu wa wanafunzi husomwa sana nyumbani kwangu, na wajukuu huugombania kabla sijaukunjua. Ndiyo maana zoezi la Kiingereza la toleo lililopita limenikera. Mlipanga maneno matupu, bila sentensi hata moja, mkamtaka mwanafunzi aandike aina ya kila neno. Kwenye majibu, "round" mkaliita kivumishi, basi. Mjukuu wangu alikuwa ameandika nomino, akajiwekea mkasi. Hakustahili mkasi ule.

Nimefundisha Kiingereza sekondari mpaka nikastaafu, na hakuna jambo nililolisisitiza darasani kama hili: maneno mengi ya Kiingereza yakiwa peke yake hayana aina moja. Aina huipata kazini. Tuchukue "round" hilo hilo. "The earth is round": kivumishi, linaieleza dunia. "He lost the first round": nomino, limetanguliwa na "the first". "The car rounded the corner": kitenzi, tena limebeba alama ya wakati uliopita. "She turned round": kielezi, linafuata kitenzi na kukieleza. "We sat round the fire": kihusishi, maana limeshika nomino mbele yake. Aina tano hizo. Mtoto aliyepewa neno tupu atajuaje mtunzi alikuwa akiwaza ipi?

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunanaswa hapa kirahisi kwa sababu lugha yetu hutoa dalili mapema. Pika, mpishi, upishi: viambishi vimeshasema kila kitu. (Si mara zote, kwani "kusoma" katika "kusoma kunachosha" ni nomino.) Kiingereza nacho zamani kilikuwa na viambishi tamati vingi kuliko sasa. Vingi vikamomonyoka karne kwa karne, hata kufikia mwaka 1500 kazi kubwa ilikuwa imeangukia nafasi ya neno ndani ya sentensi. Anayelikodolea macho neno peke yake ataishia kubahatisha.

Walimu wenzangu watasema viishio bado vipo. Vipo, na vinasaidia, lakini havitoshi. Watoto hukaririshwa kwamba "-ly" ni kielezi, kisha wakikutana na "friendly", ambalo ni kivumishi, wanapotea. Wakikutana na "she runs fast" wanatafuta "-ly" hawaioni, ilhali kielezi kimekaa pale pale. "-tion" nayo huashiria nomino, ila "mention" na "question" ni vitenzi pia.

Panapohitaji subira zaidi ni kwenye maneno kama "a school bag". "School" limekaa mbele ya "bag" na linalifafanua, kwa hiyo karibu darasa zima huandika kivumishi. Mimi huwaambia wajaribu kulitikisa. "A big bag" inakubali kuwa "a very big bag", na pia "the bag is big". Sasa sema "a very school bag", au "the bag is school". Hata mwanafunzi anayeanza atasikia kwamba zimekataa. "School" limebaki nomino, ila limepewa kazi ya kuifafanua nomino mwenzake. Darasa likishalijaribu hilo kwa midomo yao wenyewe, halihitaji kukaririshwa chochote.

Ombi langu ni dogo. Kila neno mliweke ndani ya sentensi, mlipigie mstari, na kwenye majibu mwongeze sababu kwa maneno machache: limetanguliwa na nini, linaeleza nini, limebeba kiambishi gani. Na kwa "round", chapeni sahihisho toleo lijalo, ili watoto walioandika nomino, kitenzi, kielezi au kihusishi wapate alama yao.

Mwalimu mstaafu, msomaji wenu wa miaka mingi